Kuandika Jina Lako Kwenye Utafiti: Ni Majivuno au Ni Haki?



Vijana wenzangu, Jumapili iliyopita baada ya Misa ya pili nilikuwa natoka kanisani hapa Bariadi, nikasimamishwa na kijana mmoja wa TYCS, yuko kidato cha sita. Anapenda fizikia kuliko chakula. Akaniuliza, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama: "Kaka, hivi mtu akigundua kitu kuhusu nyota halafu akakitangaza kwa jina lake, si anajitafutia sifa? Mbona Yesu alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya mkono wa kulia?"

Nikamjibu haraka haraka, kama tunavyojibu watu tukiwa tumeshika pikipiki. Nikamwambia Yesu huyohuyo alisema taa haiwashwi ikafunikwa kwa pishi. Akafurahi, akaenda zake. Mimi ndiye sikufurahi. Nilijua kwamba swali lake lina jibu refu kuliko hilo, na kwamba mimi ni mtu wa mwisho mjini hapa anayepaswa kulijibu kwa mzaha. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza niweke sawa neno moja. Mama yangu mpaka leo akiulizwa nilisomea nini anasema "unajimu", na mara mbili tayari kuna watu wamekuja nyumbani kuuliza nyota yao inasemaje kuhusu ndoa. Hapana jamani. Ninachozungumzia ni astronomia: kupima mwanga wa nyota, umbali wake, uzito wake, mwendo wake. Kazi yenyewe ni hesabu nyingi na usingizi kidogo. Na siku hizi mtu wa Somanda au Lamadi anaweza kuifanya bila kumiliki darubini. Chombo cha Marekani kiitwacho TESS, kilichorushwa Aprili 2018, kinapima mwanga wa nyota kwa mamia ya maelfu, na vipimo vyake vinawekwa wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Chama cha waangalizi wa nyota zinazobadilika mwanga, AAVSO, kilichoanzishwa 1911, kimekusanya vipimo vya watu wa kawaida wa dunia nzima, walimu, mafundi, wastaafu, na vyote unaweza kuvisoma bure. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo Tanzania akiwa na kompyuta ya mkononi na bando la usiku anaweza kweli kabisa kuona kitu ambacho hakuna mwingine amekiona. Akishakiona, anaandika makala, anaipeleka kwenye jarida la kitafiti, mhariri anawapa wahakiki waisome na kuichambua, wakiridhika inachapishwa. Hapo juu kabisa, chini ya kichwa cha makala, yanakaa majina.

Swali la yule kijana liko hapo, kwenye majina.

Sisi watu wa Simiyu tunalijua swali hili hata kama hatujawahi kuona jarida. Ni swali la mzani. Msimu wa pamba ukifika, unabeba mzigo wako mpaka chama cha msingi, karani anapima, anaandika kilo, anaandika jina, unapewa risiti. Hakuna mtu anayemwambia mkulima, "Wewe una majivuno, kwa nini unataka jina lako kwenye risiti?" Jina pale si sifa. Jina linasema pamba hii imetoka shamba gani, malipo yaende wapi, na pia, tusisahau hili, likikutwa jiwe au mchanga ndani ya mzigo au pamba imemwagiwa maji iongeze uzito, aulizwe nani. Jina ni malipo na ni dhamana. Mtu anayeogopa kuandika jina lake kwenye mzigo tunamtilia shaka, hatumwiti mnyenyekevu.

Utafiti nao uko hivyo. Ukiweka jina lako juu ya makala unasema: nimepima mimi, ukikuta mchanga nifuate mimi. Kwa maana hiyo nadhani kijana wetu anaweza kulala usingizi. Kutangaza ulichokiona kwa jina lako si dhambi. Kukificha ndiko kunakofanana na yule mtumishi aliyechimba shimo akafukia talanta ya bwana wake, na tunajua bwana alimwambia nini.

Lakini swali halijaisha. Je, mtu akiamua mwenyewe kujifuta?

Hapa lazima nimtaje padre mmoja ambaye vijana Wakatoliki wanaopenda sayansi wangepaswa kumjua kama wanavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga. Georges Lemaître, Mbelgiji, alizaliwa 1894, akapigana Vita ya Kwanza ya Dunia, akapewa upadre 1923, akaenda Cambridge na kisha Marekani kusoma. Mwaka 1927, akiwa mwalimu kijana pale Leuven, hajafikisha miaka 33, alichapisha makala kwa Kifaransa katika jarida la chama cha wanasayansi cha Brussels. Ndani yake alisema ulimwengu unatanuka, na kwa kutumia vipimo vya wengine akakadiria kasi ya kutanuka huko. Karibu hakuna aliyeisoma. Jarida lilikuwa dogo, lugha haikuwa ile iliyosomwa na wengi katika fani hiyo. Einstein alipokutana naye mwaka huohuo alikubali kwamba hesabu ziko sawa ila fizikia yake akaikataa kwa maneno makali. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Hubble akachapisha vipimo vyake, na kwa miaka mingi sana sheria ile ikaitwa kwa jina la Hubble peke yake.

Mwaka 1931 makala ya Lemaître ilitafsiriwa kwa Kiingereza ikachapishwa London. Lakini sehemu ile yenye kadirio la kasi haikuwemo. Imekatwa. Watu baadaye wakaanza kunong'ona: nani kakata? Mhariri? Hubble mwenyewe alikuwa na mkono wake? Ilikwenda hivyo mpaka 2011, mtafiti Mario Livio alipoonyesha barua ya mwaka 1931 ya Lemaître mwenyewe. Aliyetafsiri na kukata ni yeye, padre. Aliona hakuna haja ya kurudia makadirio ya muda wakati wengine wamekwisha kutoa vipimo vizuri zaidi. Mwaka 2018 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipiga kura kupendekeza sheria ile iitwe ya Hubble na Lemaître.

Unyenyekevu wa ajabu, au sivyo? Kwa miaka mingi nilikuwa nautumia mfano huu kwenye semina za vijana kama mfano safi wa mtu asiyejali sifa. Siku hizi nautumia kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ukimya wake uliacha nafasi ya kumsingizia Hubble na mhariri jambo ambalo hawakulifanya. Mtu akijifuta kwenye kumbukumbu, mara nyingine shimo linalobaki linamwangukia mwenzake. Ya pili ndiyo nzito: Lemaître alikata kilicho chake. Jembe lilikuwa lake, shamba lake, akaamua kuacha mstari mmoja bila kuvuna. Anaweza. Mkono wa kulia ni wake na wa kushoto ni wake.

Mimi nilikata cha mwenzangu.

Sasa ndiyo naeleza. Nilipokuwa chuo tulikuwa na kikundi kidogo cha TMCS ambacho baada ya rozari ya Jumatano watu hubaki kupiga stori. Nikamzoea dada mmoja wa huku kwetu Simiyu, yeye alikuwa anasomea ualimu wa hisabati na fizikia, mimi fizikia. Nilikuwa nafanya mradi wangu wa mwaka wa mwisho juu ya nyota pacha, zile mbili zinazozungukana na kila moja kwa zamu inaifunika nyingine, mwanga unapungua kidogo halafu unarudi. Ukijua saa ya kila kupungua, unaweza kujua kama mzunguko unabadilika. Dada huyu hakuwa kwenye mradi. Alikuja kunisaidia kwa sababu nilikuwa nimekwama na yeye hesabu hazimchoshi. Miezi mitatu, jioni baada ya jioni, chini ya mwembe karibu na maktaba ambako intaneti ya chuo ilifika.

Tulikuwa na vipimo vya AAVSO vya miaka mingi na vipimo vipya vya TESS. Nilipoviweka pamoja nikaona jambo lililonifanya nisilale: nyota zetu mara zinawahi, mara zinachelewa, dakika kadhaa, kwa mpangilio mzuri kama wimbi. Maana yake, nilidhani, kuna nyota ya tatu iliyojificha inazivuta zile mbili huku na huku. Nyota mpya! Nikaanza kuandika makala usiku uleule. Nikapata mpaka kichwa cha habari.

Kesho yake dada akaangalia mchoro, akanyamaza muda mrefu, akasema: "Kaka, huyu mdudu wako anazunguka kwa mwaka mmoja. Na sisi tunazunguka kwa mwaka mmoja."

Basi. Mwanga unatumia dakika nane na sekunde kama ishirini kutoka jua hadi duniani. Dunia inapozunguka jua, miezi mingine tuko upande wa karibu na nyota ile, habari inatufikia mapema. Miezi mingine tuko upande wa mbali, inachelewa. Vipimo vya TESS huwa vimekwisha kusahihishwa kana kwamba mtazamaji ameketi katikati ya mfumo wa jua. Vile vya kutoka ardhini nilivyopakua vilikuwa na saa kama zilivyoonekana hapa duniani, hazijasahihishwa. Nilichanganya debe na kilo kwenye mzani mmoja. Nyota yangu ya tatu ilikuwa sisi wenyewe, dunia hii tuliyoketi juu yake chini ya mwembe.

Angekuwa mtu mwingine angenicheka. Yeye alifungua daftari tukaanza upya, kusahihisha kila kipimo. Wiki tatu. Baada ya kusahihisha, wimbi likapotea, yakabaki mabadiliko madogo sana ya kweli, ambayo hakuna aliyekuwa ameyaandika kwa nyota ile. Madogo, lakini ya kweli. Hayo ndiyo yakawa makala.

Wakati wa kuandika, dada alikuwa amerudi nyumbani, mama yake anaumwa. Tarehe ya mwisho inakaribia. Msimamizi wangu akasema majina mawili yanatosha, langu na lake, kwa sababu huyo mwingine hakuandika. Ningeweza kubisha. Ningeweza kusema: bila yeye tungekuwa tumetangaza duniani kwamba tumegundua sayari tunayoishi. Sikubisha. Na nisimtwike msimamizi mzigo wote, maana ukweli ni kwamba nilipoambiwa majina mawili nilifurahi. Nilikuwa natafuta ufadhili wa shahada ya pili, na jina la kwanza kati ya mawili linaonekana vizuri zaidi. Mwishoni kabisa mwa makala kuna sehemu ya shukrani. Niliwashukuru wazazi. Nikaishukuru kwaya. Yeye, hata hapo, hapana. Nadhani niliogopa kwamba nikimtaja kwenye shukrani mtu atauliza mbona hayuko juu.

Wahakiki walirudisha maoni. Mmoja alisifia sehemu moja tu ya makala yote: jinsi muda ulivyosahihishwa kwa uangalifu.

Nililisoma lile sifa mara nyingi, na ufadhili nikaupata.

Kuna watakaosema, ah, hiyo ni kawaida, dunia ndivyo ilivyo. Kweli imetokea mahali pakubwa zaidi. Mwaka 1967 mwanafunzi wa Cambridge, Jocelyn Bell, aliona alama ndogo ya ajabu kwenye makaratasi marefu ya darubini ya redio, akaing'ang'ania mpaka ikajulikana kuwa ni aina mpya ya nyota, pulsa. Makala ilitoka Februari 1968, jina lake likiwa la pili baada ya msimamizi wake, Antony Hewish. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 ikaenda kwa Hewish na Martin Ryle, yeye hakuwemo. Hakulalamika sana. Mwaka 2018 alipopewa zawadi nyingine ya dola milioni 3 alizitoa zote zisaidie wanafunzi wa fizikia wanaotoka kwenye makundi yaliyoachwa nyuma, wakimbizi wakiwemo. Ninamheshimu mno mama yule. Lakini angalieni hata pale: jina lake lilikuwa kwenye makala. Kwa hiyo leo tunaweza kumtaja, tunaweza kubishana juu ya tuzo. Ambaye hayuko kwenye makala hakuna hata pa kuanzia kubishana.

Na sisi Watanzania tuna mfano wa upande mzuri. Erasto Mpemba, mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba kule Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akaweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyopoa. Akauliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Kijana akauliza swali lake mbele ya watu, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akataka jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia. Jina la kwanza: Mpemba. La pili: Osborne. Tena Mpemba anasimulia humo kwa maneno yake mwenyewe. Hadi leo wanasayansi wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kweli na kwa nini. Mwaka 2016 wengine walipima upya wakasema hawalioni. Sawa, ndiyo kazi. Ila angalia Osborne angeweza kufanya nini. Yeye ndiye aliyekuwa na maabara, yeye ndiye aliyejua majarida, mwanafunzi wa Iringa asingejua lolote. Angeandika "mwanafunzi mmoja" na maisha yangeendelea.

Mimi niliandika hata pungufu ya "mwanafunzi mmoja".

Kwa miaka minne sikuungama jambo hili. Niliungama hasira, uvivu, mambo ya vijana. Hili niliona si la kanisani, ni la kitaaluma. Kisha Kwaresima iliyopita, sijui kwa nini, nikalisema. (Padre haruhusiwi kusimulia maungamo, mimi yangu naruhusiwa.) Alinisikiliza, akauliza:

"Yeye anajua kwamba ulichukua kazi yake?"

"Nadhani anajua, Baba."

"Na wanaoisoma wanajua?"

Nikanyamaza.

Akanikumbusha Zakayo. Sisi tunapenda sehemu ya mti, mtu mfupi, Yesu anamwita ashuke. Lakini Zakayo aliposimama alisema habari ya kurudisha, mara nne. Mafundisho ya Kanisa yako wazi hapo: aliyeiba, hata akisamehewa, anadaiwa kurudisha, na aliyeikosea haki na ukweli anadaiwa kurekebisha, na kama kosa lilikuwa hadharani, marekebisho nayo yaende hadharani. Malipizi yangu hayakuwa rozari. Niliambiwa nikamwone, kabla ya jambo lingine lolote.

Nilikuwa na hoja ya kujitetea njiani, na naiweka hapa kwa sababu ni hoja nzuri, yaani ni mbaya kwa namna inayopendeza. Dada huyu ni mtu mpole, hajawahi kudai. Hata siku moja hajanitumia ujumbe. Labda yeye ni kama Lemaître, hajali majina, na mimi nikimrudishia hadharani namvuruga amani yake. Nilipokuwa kwenye hiace kwenda Maswa niliigeuza hoja hii kila upande. Mpaka nikaona ilipooza. Unyenyekevu ni zawadi ambayo mtu anaitoa mwenyewe kutoka kwenye kilicho chake. Siwezi kumvika mwenzangu unyenyekevu kwa nguvu kisha nikamsifu kwa kuuvaa. Yesu aliposema mkono wa kushoto usijue, alikuwa anazungumza na mwenye mikono yote miwili. Hakumwambia mtu aufiche mkono wa jirani.

Wilaya ile ya Maswa, kama hamjui, ina Malampaka, kituo cha reli, na mwaka 1930 kilianguka pale kimondo. Jiwe hilo linajulikana duniani kwa jina la Malampaka, kwa sababu kanuni ni kwamba kimondo hupewa jina la mahali kilipopatikana. Hata lile jiwe mashuhuri lililoanguka Ivuna, Songwe, Desemba 1938, limeipa kundi zima la vimondo herufi yake, na vumbi lililoletwa na Wajapani mwaka 2020 kutoka asteroidi ya Ryugu limekutwa linafanana nalo sana. Niliwaza hayo kwenye bodaboda, kama mtu anayewaza chochote ili asifike.

Nilimkuta shuleni anasahihisha madaftari. "Mwangaluka," nikasema, na ilikuwa saa tisa mchana. Akacheka. Nikamwambia nilichokwenda kusema, nikiwa nimesimama. Hakushangaa.

"Niliiona mwaka uleule," akasema. "Nikasoma mpaka shukrani." Akageuza daftari jingine. "Kwaya nayo ilihesabu?"

Sikuwa na la kusema. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mwaka juzi aliomba nafasi ya kusoma shahada ya pili. Kwenye fomu kulikuwa na mahali pa kuorodhesha machapisho. Aliacha wazi. Hakupata. Hakusema kwamba ni kwa sababu hiyo, na mimi siwezi kujua, wala hatajua yeye. Ndiyo ubaya wa wizi wa aina hii: huwezi kuhesabu mara nne ya kitu usichojua kilikuwa kiasi gani.

Nikamwambia nitaandika kwa mhariri kuomba masahihisho yachapishwe, jina lake liongezwe. Majarida yana utaratibu huo. Akafikiri. Akasema anakubali, kwa sharti: "Usiweke jina tu. Andika na kosa. Kwamba mlichanganya saa mbili, mkaona nyota ambayo haipo, na jinsi ilivyojulikana. Kuna mtoto mwingine mahali atafanya hivyohivyo." Kwenye makala, mnaelewa, kosa lile nililifuta kabisa, nilionyesha kazi iliyosahihishwa tu, kana kwamba nilizaliwa nikijua.

Kijana wangu wa kidato cha sita, kama unasoma hapa: andika. Ukifika chuo usisubiri uwe profesa. Kuna majarida yanayotoza waandishi fedha nyingi, lakini mengi huwaondolea ada watafiti wa nchi kama yetu ukiomba kabla. Lipo Open Journal of Astrophysics lisilotoza kitu. Yapo maandishi mafupi ya chama cha wanaastronomia cha Marekani, yaliyoanza 2017, kwa matokeo madogo ya kurasa chache. Hazina ya arXiv, iliyoanza 1991, inaweka makala wazi kwa wote, ila mara ya kwanza unaweza kuhitaji mtu wa fani akudhamini. Ukiona jarida linakutumia barua pepe kukusifu na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa, kimbia, huo ni mzani wa kitapeli. Na kabla hujaanza kazi na mtu, siku ya kwanza, kabla hata ya mchoro wa kwanza, mwulizane majina ya nani yatakaa juu na kwa kazi gani. Ni aibu ya dakika tano. Mimi nimebeba ya miaka minne.

Mhariri amenijibu vizuri. Anasema masahihisho yanawezekana, lakini waandishi wote waliotajwa lazima wakubali kwa maandishi. Langu limekwenda. La msimamizi bado; Ijumaa nimemwandikia mara ya tatu, kwa heshima, na nimeweka nakala ya daftari la dada, lile la wiki tatu, mwandiko wake ukurasa kwa ukurasa. Mfadhili wangu naye nimemwandikia. Sijui atasema nini, na usiku wa kuamkia kutuma barua ile sikulala vizuri, nisiwadanganye.

Dada yeye ameendelea na kazi. Juzi alinitumia picha kwenye simu: wanafunzi wake wa kidato cha tatu wameanza kutazama nyota jioni uwanjani na kuandika saa kwenye daftari moja la darasa. Kila mstari una safu ya jina la aliyetazama. Mmoja ameandika jina lake, na chini yake kwa herufi ndogo jina la mdogo wake, aliyekuwa ameshika tochi.